Bakupu Iko Shambani

NYAKERARIO: Haloo? Wewe nani? Namba yako siijui.

MOMANYI: Nyake, ni mimi. Momanyi.

NYAKERARIO: Momanyi yupi? Wa kwetu ana simu yake.

MOMANYI: Wa kwenu! Simu yangu imeungua. Hii ni ya Duncan wa viatu na kredo ni kidogo, kwa hivyo—

NYAKERARIO: Salamu kwanza. Bwakire?

MOMANYI: Nyake, sina muda wa—

NYAKERARIO: Bwakire, kaka yangu uliyesomea kompyuta?

MOMANYI: [anashusha pumzi] Mbuya mono. Sasa sikia. Radi ya jana imepiga studio ya kanisa.

NYAKERARIO: Ai! Kuna mtu ameumia?

MOMANYI: Watu wako sawa. Mashine ndiyo imeenda. Ile ya Unix.

NYAKERARIO: Ile ya skrini nyeusi? Uliyosema haishikwi na virusi?

MOMANYI: Radi si virusi.

NYAKERARIO: Nauliza tu. Uliisifu sana, mpaka nikadhani imeokoka. Pole.

MOMANYI: Nyimbo zote za kwaya zilikuwa mle. Mzee Anyona ameita kwaya nzima, wamejaa kwenye benchi hapo nje wananiangalia kama mshtakiwa. Lakini nimewaambia watulie. Mimi nina bakupu. Kila wiki, diski mpya. Na siziweki studio, kwa sababu mtu wa kompyuta mwenye akili huweka nakala mbali na mashine. Radi ikipiga huku, kule ziko salama.

NYAKERARIO: Kule ni wapi?

MOMANYI: Si hapo nyumbani Birongo! Ile katoni chini ya kitanda changu.

NYAKERARIO: Hiyo katoni...

MOMANYI: Nyake?

NYAKERARIO: Katoni iko.

MOMANYI: Asante Mungu!

NYAKERARIO: Kuku ameatamia ndani.

MOMANYI: Kuku— na diski?

NYAKERARIO: Diski nazo ziko. Ziko kazini.

MOMANYI: Kazi gani?

NYAKERARIO: Momanyi, wimbi limeiva. Na ndege wa mwaka huu hawana adabu kabisa. Mama alikuwa anatafuta kitu cha kung'aa cha kuwatisha, akachungulia chini ya kitanda...

MOMANYI: Usiniambie.

NYAKERARIO: Basi siambii. Lakini upepo ukivuma, shamba letu linang'aa kama harusi ya mheshimiwa.

MOMANYI: [mtandao unakwaruza] —amezitoboa?

NYAKERARIO: Azitoboe ya nini? Zina tundu katikati tayari. Mama amesema waliozitengeneza lazima walikuwa wakulima.

MOMANYI: Jua, Nyake! Mvua! Niliwaambia vile vitu visiguswe!

NYAKERARIO: Uliniambia mimi. Mama ulimwambia ni vitu vya kazi. Akavipa kazi.

MOMANYI: Hii si ya kucheka. Wimbo wa baba umo humo.

NYAKERARIO: Upi?

MOMANYI: Ule aliopiga besi peke yake mwanzoni, kabla hajaugua. Kwaya wanataka kuuweka kwenye ibada ya kumkumbuka. Hauko mahali pengine popote.

NYAKERARIO: [sauti ya kupeta inakoma]

MOMANYI: Haloo?

NYAKERARIO: Niko. Hii simu ya mama haisikiki mpaka uiweke spika.

MOMANYI: Mama yuko hapo?

NYAKERARIO: Alikuwa mlangoni anapeta.

MOMANYI: Amesema nini?

NYAKERARIO: Hajasema kitu. Ameweka uteo chini, ameenda shambani. Namwona anafungua kamba. Momanyi, anazifungua kama anamvua mtoto sweta.

MOMANYI: Usikate. Mwambie azipanguse pole pole kwa kitambaa laini.

NYAKERARIO: Umechelewa, ameshazitia kwenye karai. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vikombe vya wageni.

MOMANYI: Sawa, sawa. Labda nusu zitasomeka. Mtafute Ondieki azilete na boda sasa hivi.

NYAKERARIO: Ondieki yuko hapa, ndiye anamshikia karai. [sauti ya pikipiki] Mama, polepole! Haya... Wameondoka.

MOMANYI: Wameondoka? Nani na nani?

NYAKERARIO: Mama amesema hawezi kumpa Ondieki sauti ya baba aifunge nyuma kama mkungu wa ndizi. Amezifungia kwenye leso, amepakata mwenyewe. Anakuja nazo huko.

MOMANYI: Ah, mama jamani... Basi vizuri. Vizuri kabisa. Angalau—

NYAKERARIO: Kuna moja imebaki, nilikuwa nimeifanya kioo. Haijaona jua hata siku moja.

MOMANYI: Nyake, wewe ni malaika! Geuza upande wa chini. Ina mikwaruzo?

NYAKERARIO: Haina. Safi kama jicho la mbuzi. Hata duara haina.

MOMANYI: Duara gani?

NYAKERARIO: Ile ya reggae uliyonichomea nikimaliza fomu foo ina duara jeusi chini, mahali nyimbo zilipoingia. Ninazo zote mbili mkononi. Hii yako ni rangi moja tu, mwanzo mpaka mwisho.

MOMANYI: Isogeze kwa mwanga.

NYAKERARIO: Niko nje, Momanyi. Mwanga wote wa Birongo uko hapa. Hata zile za kwenye karai zilikuwa hivi hivi.

MOMANYI: Haiwezekani. Ni mashine yenyewe ilikuwa inachoma. Niliiagiza. Ijumaa mchana naingiza diski mpya, jioni tukishafunga inajichomea. Jumapili naitoa, naiandika kwa maka pen—

NYAKERARIO: Ijumaa jioni?

MOMANYI: Ndiyo, wakati hakuna mtu wa kuisumbua.

NYAKERARIO: Jua likishazama?

MOMANYI: Ndiyo, ni— [anasita]

NYAKERARIO: Momanyi. Mzee Anyona si ndiye huzima swichi kubwa Ijumaa, ili hata taa zishike Sabato?

MOMANYI: Swichi kubwa...

NYAKERARIO: Kwa hivyo mashine ilikuwa inapumzika. Ilishika amri kukushinda wewe.

MOMANYI: Nyake... na hujawahi kuzifungua kuangalia?

NYAKERARIO: Mimi? Bakupu ni ya nani?

MOMANYI: [anashusha sauti] Sikia. Ziliota jua, si ndiyo? Zimenyeshewa. Mtu akiuliza, jua liliziharibu. Hiyo ni kweli tupu.

NYAKERARIO: Yaani useme ni mama.

MOMANYI: Sijasema mama. Nimesema jua.

NYAKERARIO: Jua halikuzifunga kamba.

MOMANYI: Basi mpigie arudi!

NYAKERARIO: Kwa simu gani? Yake ndiyo hii. Na Ondieki akiendesha hashiki simu.

MOMANYI: Mungu wangu...

NYAKERARIO: Amevaa lile gauni jeupe la Meza ya Bwana. Na leo ni Jumatano. Ameniachia ujumbe: kwaya wasianze bila yeye.

MOMANYI: Nitamwambia nini?

NYAKERARIO: Mtaalamu ni wewe.

MOMANYI: Kredo inalia. Mzee Anyona anagonga mlango— Naam, mzee! Nakuja! Nyake, haraka, niambie kitu.

NYAKERARIO: Toka ukae kwenye benchi na wenzako. Mama asikie kwako kabla hajafungua leso.

MOMANYI: Na kama—

NYAKERARIO: Na mimi niache niende shambani. Kamba ziko tupu.

MOMANYI: Unaenda kufanya nini?

NYAKERARIO: Ndege wameshaingia, Momanyi. Wote wame—

[simu inakatika]