Baldomero Etchart na Nguzo za Simu

Marehemu Baldomero Etchart alizaliwa tarehe 9 Juni 1887 hapa Tres Arroyos, mtoto wa tatu wa don Graciano, mhunzi, na doña Petrona. Alisoma kwa mapadre hadi darasa la nne, akatoka kwenda kuvukuta moto kwa baba yake. Daftari na yeye hawakupatana, kama mimi tu; lakini injini aliisikiliza mpaka akaielewa.

Mwaka 1909 alifungua gereji, na mwaka uliofuata akawa mtu wa kwanza wa wilaya hii kushindana kwa motokaa. Lami haikuwapo. Vumbi la aliye mbele lilikufunika, barabara huioni. Basi dereva alitazama juu, akafuata vichwa vya nguzo za simu. Fundi wa pembeni, na huyo nilikuwa mimi, Nazario, alisema kwa mkono, maana injini ilimeza sauti. Gonga moja begani: njia nyeupe, kanyaga. Ngumi mgongoni: simama.

Wakati huo alikuwa amemchumbia dada yangu Jacinta. Mama alimwambia mbele ya watu, "Binti yangu siliozeshi jeneza. Jumapili ukirudi na miguu yako miwili, tutaongea."

Jumapili yenyewe ilikuwa 16 Machi 1913, mbio za kwenda Bahía Blanca. Fermín Laborde, mpinzani wetu aliyekimbia peke yake bila fundi, alikuwa mbele, nasi tunamkaribia. Baldomero macho juu: nguzo, nguzo, nguzo. Mara vumbi la mbele likakatika. Nikampiga ngumi.

"Una nini wewe?" alinipigia kelele sikioni. "Nguzo zinaendelea!"

"Vumbi la Fermín limekwisha! Simama, shemeji!"

Hilo ndilo lililowaua wengi huku kwetu: nguzo huvuka mto moja kwa moja, barabara huzunguka kutafuta daraja. Mto hatukuuona, yeye wala mimi. Aliniamini tu, akavuta breki, na magurudumu ya mbele yakabaki yananing'inia ukingoni. Chini, gari la Fermín lilikuwa limepinduka majini. Baldomero akajitosa na buti zake. Akazama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena. Nilianza Salamu Maria nikasahau mwisho wake. Alipomvuta nje kwa ukosi, Fermín alitapika tope, akasema, "Umeshindwa mbio, mjinga wewe."

"Na wewe unanuka kambare."

Tulifika wa mwisho, watu watatu kwenye viti viwili. Mama aliitazama miguu kwanza, ndipo akamkaribisha chai yetu ya mate. Ndoa ilifungwa tarehe 4 Oktoba.

Vumbi lile halikumwacha. Tangu 1951 kifua kilimbana, macho yakaingia ukungu. Kanisani alikwenda akiongozwa na Jacinta kwa kumgonga begani. Jumanne, tarehe 12 Agosti 1958, asubuhi, kila pumzi akiipigania, alinishika mkono. "Nazario, sizioni nguzo." Chumba kizima kilinitazama. Nikamgonga begani, mara moja. Akaishusha pumzi ile, na nyingine hakuivuta.

Ameacha mjane, Jacinta, watoto, Hortensia na Lisandro, wajukuu watano, mimi shemeji yake, na Fermín Laborde, yule pale mbele na fimbo yake, ambaye hadi leo analalamika kwamba aliokolewa akiwa na buti moja tu mguuni, ya pili ikaachwa mtoni.

Shemeji, njia nyeupe. Pumzika kwa amani.