Kitambaa Kilichotoka Cheupe

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za leo. Kaeni nami kidogo tumkumbuke Fundi Kitambaa, mkaguzi wa mitambo ya umeme. Tulimzika Alhamisi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Jina hilo alipewa kule karakanani, kwa ajili ya kitambaa cheupe kilichokaa mfukoni mwake siku zote. Wenzake walimtania: "Kitambaa, leo mashine ina mafua?" Naye alijibu, "Nitajuaje nisipoifuta pua?"

Kazi yake ilikuwa hii. Turbini, mashine inayozunguka kuzalisha umeme, ina gurudumu zito la chuma. Mapanga yake, kama yale ya feni, yamechomekwa ukingoni, kila panga na mfuo wake, yaani mtaro uliochongwa kulishika. Gurudumu likizunguka, shina la panga na mfuo hukandamizana na kusuguana, kwa mwendo mdogo kuliko unene wa unywele. Msuguano huo huacha vumbi jekundu, laini kama unga. Chini ya vumbi hilo ndipo ufa huanzia. Fundi alifuta kila panga; kitambaa kikitoka chekundu, aliliweka panga hilo kando alichunguze.

Miaka kumi na tisa iliyopita, alifuta mapanga yote ya mtambo mmoja. Kitambaa kikatoka cheupe. Akasaini. Wiki ya tatu panga moja likachomoka, likatoboa kifuniko, likamkata mguu mwendesha mtambo.

Watu wakasema alisaini bila kutazama. Akaondolewa kwenye ukaguzi, akapelekwa stoo kugawa nati na bolti. Hakujitetea. Kila Jumapili alikwenda kumsukuma yule mwendesha mtambo kwenye kiti cha magurudumu, wakibishana habari za mpira.

Baada ya mazishi, shemeji yake alinishika mkono. Ni mdogo wa mjane wake, na enzi hizo alikuwa mfanya usafi palepale karakana.

"Mama, liseme redioni. Yale mapanga niliyaosha mimi, kabla hajafika. Mgongo ulikuwa unamsumbua, nikasema nimpunguzie kazi. Nilipomwambia baada ya ajali, alinijibu: 'Nyamaza, utafukuzwa kazi, na una watoto wachanga. Na mimi nilijua panga lililozunguka miaka minne haliwezi kuwa safi hivyo. Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza.'"

Mjane alikuwa nyuma yetu na trei ya vikombe. Akaiweka chini taratibu.

"Wewe na yeye mmeniacha nimlaumu miaka yote hiyo? Nilimwita mzembe. Mbele ya wanawe nilimwita mzembe!"

 

Basi tuseme wazi, isikike: Fundi Kitambaa alitazama. Alifuta kila panga.

Mama mjane, wanangu mliofiwa, poleni sana. Nawe shemeji, ambaye wema wako uligeuka msiba, pole. Wasikilizaji wapendwa, kitu kikikufikieni kikiwa safi kupita kiasi, ulizeni nani amekiosha. Ulizeni kwa upole, lakini ulizeni.

Shemeji ameomba Jumapili hii akakisukume yeye kile kiti. Mwendesha mtambo ameshaambiwa yote. Bado hajajibu.