Ng'ombe wa Taulo

Kijiwe chetu kipo kwenye barabara ya kuelekea stendi ya Babati, kati ya fundi baiskeli na duka la mbegu. Ni benchi mbili za mbao, jiko la mkaa, na birika la Yoakimu muuza kahawa ambalo kwa nje limeungua likawa jeusi kama sufuria ya msibani. Mimi nashona viatu hapo hapo pembeni, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia, nasikia. Jumamosi iliyopita, mvua ilipokatika, tulikuwa watu wanne na Yoakimu. Ludovick fundi baiskeli, tunayemwita Injinia, alikuwepo. Melkiadi alikuwepo, tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara mbili na zote mbili upande wake ukashindwa. Na Mzee Gidabuday wa Nangara ndiye tuliyekuwa tunamngoja. Huyu ni mfugaji aliyeshuka kutoka upande wa Hanang miaka mingi iliyopita, sasa analima mahindi na maharage. Alikuwa amerudi Alhamisi kutoka kwenye meli ya kitalii. Hapa kijiweni hakuna mwingine aliyewahi hata kuigusa.

— Shikamoo, mzee, tukasema wote.

— Marahaba. Yoakimu, nipe kikombe kilichojaa. Kule vikombe vyao ni vikubwa lakini kahawa haina nguvu.

— Tuanze mwanzo, akasema Wakili. Kwa faida ya baraza. Ilikuwaje kuwaje ukaenda?

Mwanzo wenyewe tulikuwa tunaujua kidogo. Binti yake, Hilaria, alisomea ualimu, akangoja ajira miaka mitatu, haikuja. Akaenda Arusha kusomea kazi za hoteli, halafu akapata kazi ya usafi wa vyumba melini. Siku anaondoka, Mzee Gidabuday aligoma kutoka ndani. Alisema nyumba yake haina mtu wa baharini. Mtoto akaagana na mama yake na ng'ombe, akapanda basi. Tangu hapo miaka minne, simu zilikuwa zinapigwa kwa mama tu.

— Meli yao inamruhusu mfanyakazi wa muda mrefu kumleta mzazi mmoja, akasema mzee. Siku saba, bure. Nikajua atamchukua mama yake. Mama yake akasema, "Siendi. Mwenye ugomvi ni yeye, aende yeye."

— Mama Hilaria naye! akacheka Yoakimu.

— Ndiyo nikatafutiwa pasi ya kusafiria. Nikapanda ndege mpaka Durban. Ndege siisemi, niliifumbia macho. Nikaletwa bandarini saa sita mchana. Sasa, mnajua nilichokiona?

— Meli, akasema Injinia.

— Sikuona meli. Niliona ukuta mweupe wenye madirisha. Nikamuuliza dereva kwa mkono, meli iko wapi? Akanionyesha ule ukuta.

— Urefu wake?

— Ghorofa kumi na moja nilizozihesabu mimi. Ukiilaza hapa, mkia uko stendi, kichwa kiko sokoni.

— Ziwa letu la hapa Babati lingeitosha?

— Ingekaa. Ila viboko wangehama.

Injinia akavuta benchi mbele. Hilo jambo alikuwa amelifikiria wiki nzima.

— Sasa mimi niwaeleze kitaalamu. Chuma chochote kinazama. Msumari unazama. Kwa nini meli haizami? Ni kasi. Injini inaivuta haraka, inakuwa haipati muda wa kuzama.

— Na ikisimama bandarini? nikauliza mimi.

— Umeona ile kamba nene wanayoifunga? Unafikiri ni ya nini?

Hapo hoja ikapita, maana mzee mwenyewe alikiri kamba aliiona.

— Endelea, mzee, akasema Wakili. Chombo cha kuzama hakina usukani.

— Hicho hakikuzama, Melkiadi.

— Ndiyo maana yake. Kwamba usukani ulikuwepo.

Mzee akanywa kahawa, akaendelea. Mlangoni kulikuwa na mashine ya kukagua mizigo. Wakaichukua fimbo yake, ile nyeusi anayotembea nayo, wakaigeuza, wakaijadili watu watatu. Akawa anawaza kwamba wakimnyang'anya fimbo anarudi nyumbani, ugomvi na ubaki ulivyo. Akaja mama mmoja mwenye sare, akamwangalia magoti, akamrudishia fimbo kwa mikono miwili. Akapewa kadi. Kadi hiyo ndiyo jina lako, ndiyo ufunguo wa chumba.

— Chumbani nikakuta barua ya Hilaria. Kiswahili, mwandiko wake ule ule wa shule. "Shikamoo Baba. Niko kazini mpaka saa kumi na moja jioni. Usinitafute, utapotea. Tembea, kula, hakuna pa kulipia."

— Na wewe?

— Mimi nikaanza kumtafuta.

Yoakimu akasahau kumimina, birika likabaki hewani.

— Nikaenda ghorofa ya kwanza ya vyumba. Korido ndefu, zulia laini, milango yote inafanana. Kila nilipoona kigari cha mashuka naita, "Hilaria!" Anatoka mtu mwingine, ananichekea vizuri. Nikapanda lifti. Ilipofunguka nikakuta wanakula. Jamani, chakula! Nyama peke yake ina meza tano.

— Ulikula nini?

— Kiazi kimoja.

— Mzee!

— Barua imesema hakuna pa kulipia, lakini mtu mzima haanzi kujaza sahani kwa watu asiowajua. Nikachukua kiazi, nikakaa pembeni, nikangoja anikaribishe mwenyeji. Mwenyeji hakutokea. Nikaona hata watoto wanachota wenyewe. Basi nikarudi.

— Ukarudi na sahani ngapi?

— Hiyo iache.

Wakili akainua kidole.

— Naomba niseme. Kile chakula si ukarimu. Haba na haba hujaza kibaba. Meli ikiwa nyepesi, upepo unaipeperusha. Kwa hiyo abiria lazima alishwe mpaka awe mzito. Wewe mzee ulikuwa mzigo halali wa meli. Ungeendelea na kiazi kimoja, ungewaponza watu wote.

— Haya, akasema mzee, bila kukasirika. Baada ya kula king'ora kikalia. Mara saba. Nikasema ndiyo hiyo, tunazama hata hatujaondoka. Kumbe ni mazoezi. Wakatupanga kama gwaride, wakatufundisha kuvaa yale maboya ya kifuani. Mimi langu lilikataa kufunga. Mzungu mmoja mzee kama mimi akanifungia, nami nikamfungia lake.  

 Injinia akamwongezea mzee kashata moja.

— Nikapanda mpaka juu kabisa. Juu kuna bwawa la kuogelea.

— Juu ya meli?

— Juu ya meli.

— Yaani maji, juu ya chuma, juu ya maji? Wakili akashika kichwa. Hiyo ni kesi.

— Na pembeni kuna njia ya kukimbilia. Watu wanakimbia kuizunguka meli, wanarudi walipotoka, wanaanza tena.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akasema Wakili, akafurahi sana, maana kwa mara ya kwanza mwaka huu methali yake ilikaa.

— Hapo hapo meli ikaondoka. Haina mshtuko. Unashangaa tu bandari inarudi nyuma. Watu wanacheza muziki, wanapunga mikono. Mimi nikashika chuma cha ukingoni. Nikaona ardhi inakuwa nyembamba. Nikawaza, mtoto wangu aliliona hili peke yake. Siku ya kwanza, bila mtu, na baba yake amejifungia ndani.

Alisema hivyo akiangalia kikombe. Injinia akaingilia.

— Lakini mzee, una uhakika mliondoka kweli?

— Vipi tena?

— Kuna nadharia. Meli kubwa kiasi hicho haiendi popote. Inazunguka bandari ile ile, usiku wanabadilisha mabango. Asubuhi wanakwambia umefika nchi nyingine. Nani atapima?

— Ludovick, akasema Yoakimu, wewe baiskeli ya mteja wangu ulisema imepona.

Tukacheka mpaka muuza mbegu akachungulia. Kicheko kilipotulia mzee akaendelea mwenyewe, bila kuombwa.

Alipotaka kurudi chumbani akapotea. Korido zote moja. Alizunguka karibu saa nzima, akachomeka kadi kwenye milango ya watu, mmoja akafunguliwa na mama aliyejifunga taulo. Mwisho akamkuta kijana wa Ufilipino mwenye kigari cha mashuka. Kijana akamtazama, akaitazama fimbo, akapiga kelele, "Papa Hilaria!" Akamkumbatia. Akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akampeleka mpaka mlangoni, akasimama hapo anacheka, kama mtu anayengoja uone kitu.

— Nikafungua. Kitandani kuna ng'ombe.

— Ng'ombe?

— Ng'ombe wa taulo. Wale watu wa vyumba wana ufundi huo, wanakunja taulo linakuwa ndege, linakuwa tembo. Wageni wengine wote walikuwa wamewekewa tembo. Mimi ng'ombe. Taulo la rangi ya udongo. Pembe moja imesimama juu, nyingine imelala shavuni.

Mzee akaweka kikombe chini, akatuonyesha kwa mikono: huu juu, huu shavuni.

— Huyo ng'ombe tulikuwa naye Hilaria akiwa na miaka minane. Alikuwa anamchunga yeye. Alikuwa mkaidi, hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Nilimchinja mwaka ule wa ukame, mtoto akakataa kula. Sikujua kama bado anamkumbuka. Pembe ile ile, na upande ule ule.

— Ukafanyaje?

— Nikakaa naye. Nikavua viatu. Nikataka kuoga, taulo jingine sioni, na huyu sitaki kumvunja. Nikajifutia shati.

 Wakili alikuwa anakuna goti lake bila sababu.

— Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Nikafungua. Hilaria, sare ya bluu, nywele amezifunga. Amenenepa kidogo, mikono imekuwa migumu. Akapiga goti hapo hapo kwenye korido, watu wanapita. "Shikamoo, Baba." Mimi nilikuwa nimeandaa maneno tangu uwanja wa ndege wa KIA. Maneno mazuri kabisa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Pembe umeipatia."

— Hayo tu?

— Hayo tu. Akaanza kulia. Nikamwekea mkono kichwani, nikambariki kwa lugha yetu, pole pole, mpaka mwisho, kama nilivyopaswa kufanya siku ile ya basi. Yule kijana wa kigari naye akainamisha kichwa. Sijui alielewa nini, lakini aliitikia.

Yoakimu akajipangusa jasho, ingawa jua lilikuwa halijatoka.

— Siku sita zilizobaki zilikuwa nzuri, akasema mzee. Lakini mimi siku yangu ni hiyo ya kwanza.

Hapo ndipo tulipomwona Mama Ritha. Anauza maharage sokoni, anatoka Mutuka, na huwa hakai kijiweni. Husimama tu, hununua kahawa yake kwenye kikombe chake mwenyewe na kuondoka. Siku hiyo alikuwa amesimama nyuma ya benchi muda bila sisi kumwona.

— Shikamoo, Baba Hilaria.

— Marahaba, mwanangu.

— Pole na safari. Nimesikia ya chakula, nimesikia ya bwawa. Sasa yeye mtoto mwenyewe, huwa analala wapi?

 

— Melini, akasema Injinia.

— Melini najua. Melini wapi?

— Vyumba viko vingi, akasema Wakili. Kisheria lazima...

 Tukamgeukia mzee. Alikuwa ametutembeza ghorofa zote kumi na moja, na katika zote hizo hakuna hata mlango mmoja aliosema huu ni wa Hilaria.

— Kuna mlango ulioandikwa wafanyakazi tu, akasema taratibu. Alikuwa anaingia humo. Kila jioni ananisindikiza chumbani kwangu, halafu anaingia humo. Siku saba. Sikumuuliza.

Akatoa simu mfukoni. Vidole vyake vizito, akakosea mara mbili, Mama Ritha akamsaidia kubonyeza. Ikaita muda mrefu. Halafu sauti ikatoka, na sote tukasogea.

— Shikamoo, Baba!

— Marahaba. Mko wapi?

— Tumefunga bandarini, ndiyo nina mtandao. Kuna nini? Mama mzima?

— Mzima. Hilaria, unalala wapi?

 Akacheka kidogo.

— Kumbe ni hilo. Subiri nigeuze kamera.

Tukaona chumba chembamba kama stoo ya duka. Vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Chake cha juu, kina pazia la kijani la kuvuta. Taa ndogo. Hakuna dirisha.

— Huku ni chini, Baba, akasema. Bahari iko juu yetu kidogo. Ukizoea, unasikia maji yanapita ukutani. Yanabembeleza.

Injinia alikuwa na nadharia ya maji ya chini, niliiona inamfika mdomoni. Akaimeza.

— Wa kitanda cha chini ni nani?

— Anaitwa Sabrina. Wa Mombasa. Mtu mzuri, ila anakoroma.

— Godoro?

— Zuri, Baba.

— Blanketi?

— Ninalo. Ninayo mawili.

Mzee akaisogeza simu karibu na jicho, akaangalia lile godoro, lile pazia, na mkono wa binti yake ulioshika blanketi la pili ili alione. Aliangalia sana.

— Basi, akasema. Lala vizuri, mwanangu.

Akazima simu, akampisha Mama Ritha nafasi kwenye benchi. Mama Ritha akakaa.