Papa Aloys Mushagalusa (1936–1988), aliyekula akitazama ukuta

"Nyamaza, Cibalonza! Ukiongea siwezi kusikia muhogo."

Ndivyo Papa Aloys, kaka yangu, alivyonilalamikia kila Jumapili kwa miaka saba, kwake Bagira, amenipa mugongo, anatazama ukuta, sahani kwenye magoti. Nami nilimujibu: "Muhogo hauongei! Mimi ndiye niliyetoka Nyawera na sufuria kichwani!" Majirani, mulitusikia. Leo mujue ukuta ule ulitoka wapi.

Alizaliwa Kabare, tarehe 3 Machi 1936, mutoto wa kwanza wa Papa Léopold na Maman Rosalie. Alisoma shule ya primaire kwa mapadri, kisha miaka mine ya kilimo. Karatasi za 1972, serikali ilipokataza majina ya kizungu, zilimunyang'anya jina la Aloys; sisi tuliendelea kumuita hivyo.

Tangu Septemba 1973 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mimea, nje ya muji. Alipima namna muhogo, viazi na ndizi vinavyokuwa mudomoni. Kwanza sindano iliangushwa juu ya kipande kilichochemshwa, naye akasoma imeingia milimita ngapi. Halafu watu nane walionja, kila mutu ndani ya kibanda chake cha mbao, uso kwa ukuta, bila neno, maana "mmm" ya mumoja inaharibu hesabu ya wote. Waliruhusiwa kusema: ngumu, laini, inanata, iko na nyuzi. Kusema tamu, marufuku. Muhogo mugumu kama kuni uliishia pale, haukufika katika mashamba yetu. Tumushukuru.

Tarehe 12 Julai 1975 alioa Emérence. Kwa wakwe walimuletea ndizi, akabonyeza moja kwa kidole, akasema: "Nje iko laini, katikati bado ngumu." Mama mukwe akaruka: "Beau-fils, nimekupa binti, sikukuomba bulletin ya alama!" Nyumbani Emérence alimugeuzia kiti. "Kazini uko na ukuta. Hapa uko na mimi." Miaka sita kaka alikula akicheka.

Emérence alifariki mwaka 1981. Binti yao Delphine nilimulea mimi. Kaka akageuza kiti tena.

Mishahara ilipokatika, wenzake waliondoka mumoja mumoja. Mwaka 1985 vibanda vilibaki nane, mutu mumoja. Aliingia peke yake, akaonja, akaandika, akafunga mulango. Nilimuomba tule sahani moja, uso kwa uso, hata mara moja tu. "Nitakupa siku yako," alisema. "Bado niko kazini." Nikamuambia hilo ni deni, na mimi sisahau deni.

Januari 1988 uvimbe ulimushika kooni. Hospitalini kitanda chake kilikuwa kando ya ukuta, naye alilala akiutazama. Jumapili tarehe 12 Juni nilimupelekea ndizi za kuponda.

"Nigeuze," alisema.

Nikamugeuza.

"Kula na weye."

Tulikula sahani ile kwa kijiko kimoja, kwa zamu, polepole. Nikamuuliza: "Iko laini ao inanata?"

Alinitazama usoni. "Iko tamu, dada."

Mimi munayenijua kwa mudomo, nilijaza kijiko tena, nikamupa.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Juni 1988, saa tatu asubuhi. Ameacha binti yake Delphine, mimi dada yake, na kiti kimoja kule Bagira, ambacho jana nilikigeuza.

Apumzike kwa amani, uso wake ukitutazama. Kaka, sahani yangu umeilipa.