Dole Gumba la Marehemu

Ndani ya teksi ya Rwekubo kwenda Mbarara nilijifanya nasinzia, maana umbea mtamu hauhitaji macho. Mama mmoja wa Kashojwa alikuwa amemkabili mwalimu wa chuo kikuu. "Banafunzi benu balirekodi nyimbo za mama yangu. Amekufa. Kesho tunaondoa matanga, nataka sauti yake."

"Pole sana, mama. Iko kwa kompyuta yetu, imefungwa. Mimi niliwafundisha kulinda wazee. Sauti kutoka nje ya chuo, ruhusa anatoa yule aliyeweka dole gumba kwa karatasi ya kukubali kurekodiwa."

"Yeye mwenyewe tumemuzika, mwalimu!"

"Ndiyo sheria. Lakini wanafunzi walipata alama nzuri sana."

"Basi hizo alama zije kuimba matangani."

Teksi iliposimama, mwalimu aliomba njia. "Nachelewa darasa," akasema, kama anayefariji. "Leo tunasikiliza nyimbo za mama yako."