Majembe Mekundu Niliyoyapeleka Gulwe

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Jambo hili nimelikalia kimya muda mrefu, na kimya hakijanisaidia.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa vitu vya nje, mimi nilikuwa kijana mwenye maneno mengi. Nilichukua majembe Dar es Salaam, nikayapakia kwenye treni, nikateremka nayo Gulwe, kwetu. Yalikuwa mepesi, yamepakwa rangi nyekundu, yanang'aa. Bei chee.

Mhunzi wa pale alikuwa mjomba wangu, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alifua majembe kwa springi za malori mabovu. Jembe lake mwanamke alilima nalo miaka yote, kisha binti yake akaolewa nalo. Ila lilikuwa zito, jeusi, na kulipata ni kungoja zamu.

Siku moja ya gulio nilimwambia mbele ya watu, "Mjomba, kitu kisichoharibika hakileti mteja. Umepitwa na wakati."

Watu walicheka. Yeye alikung'uta majivu kwenye nguo, akaondoka. Wakanunua kwangu, hata dada yangu mjane, na wengi majembe yao ya zamani wakayapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka ule mjomba alizima moto wake. Nawaambia kweli, nilijiona nimeshinda.

Mvua ikaja. Ninyi ni wakulima, mnaijua mvua yetu: ukichelewa siku chache, umepoteza mwaka. Na ardhi ya kwetu ni ngumu. Siku ya pili tu majembe yakaanza kujikunja kama bati, mengine yakakatika kabisa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, Nkuhungu, habari nikazipata kwa abiria wa treni. Nikaacha kwenda Gulwe. Niseme tu, nilijificha.

Dada yangu ndiye aliyenifuata. Nilitegemea matusi. Akanieleza kwamba wanapokezana jembe moja la jirani ambaye hakuuza la zamani, na kwamba yeye shamba lake halijafika nusu. Kisha akasema, "Sikuja kukulaumu. Twende kwa mjomba. Naona haya kwenda peke yangu, maana na mimi nilicheka."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika.

Mjomba tulimkuta chumbani anakohoa, amezeeka ghafla. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi. Hakunisimanga. Aliuliza tu kama bado nina nguvu za kuvuta mivukuto. Basi nikavuta, siku kumi na mbili, yeye anafua, anapumzika, anafua tena. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kwa wale niliowauzia, nawapa jembe jipya na kupokea maneno yao. Wengine waliwahi kupanda uwele. Wengine hawakuwahi. Watoto wa dada yangu mwaka ule walishindia mlenda mtupu, na mkubwa wao akaacha shule. Hakurudi tena.

Nilimwaibisha mjomba mbele ya gulio zima, nikamwomba radhi ndani, tukiwa watatu. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi hadharani baada ya mavuno. Alifariki uwele ukiwa bado shambani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Namshukuru dada yangu, aliyepanda treni na njaa yake kumfuata mtu kama mimi. Nawashukuru wale wa Gulwe walionifungulia mlango hata wakiwa na hasira. Nawashukuru ninyi mlionipokea hapa kwenu. Siku hizi nafua majembe, ila hayafikii yale ya mjomba.

Na ninyi vijana wa biashara, siwakatazi vitu vya nje, vizuri vipo. Ila kabla hujamuuzia mama wa watu jembe, nenda kalime nalo wewe kwanza, mpaka jasho likutoke.