Mia ya Nini

Kijiwe chetu kiko Mahabibo, hapa Mahajanga, chini ya ukuta wa fundi viatu: ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, jiko la mkaa, na nyuma ya jiko Bweni Kalathoumi na birika lake la kahawa na sinia la mokari, ile mikate midogo ya mchele ambayo ukila miwili unasahau ulichokuja kulalamikia. Bweni ndivyo Wakomoro tunavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa, na asiyemheshimu huyu hunywa masimbi ya chini ya birika. Hapo tunabishana Kikomoro, tunanunua kwa Kisakalava na kudanganya kwa Kifaransa; ninyi nawaandikia kwa Kiswahili nilichorithi kwa mjomba wangu baharia, na asiyeridhika akamdai mjomba. Mimi ndiye mwenye mdomo kuliko vijana wote kuanzia bandarini hadi Belobaka. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na wenzangu wananiita Setifika, yaani cheti, kwa kuwa sina.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa mwaka ule wa kwanza wa bendera mpya, na mji mzima ulikuwa na jina moja mdomoni: Bi Hayrat. Alikuwa amekuja kutoka Ngazidja na kundi lake la twarabu, anaimba alasiri ile katika jumba la sinema, mara moja tu. Kesho yake meli imchukue Nosy Be, akaimbe kwenye harusi ya wakubwa wa Hell-Ville, ambako mtu kama mimi haingii hata akibeba viti. Tiketi za sinema zilikwisha Ijumaa. Na katika Mahabibo nzima mtu mmoja aliyeitaka tiketi kuliko pumzi alikuwa Bweni Kalathoumi, maana yeye na Bi Hayrat walisoma chuo kimoja, mkeka mmoja, na tangu aolewe huku hajamsikia tena. Alipanga foleni Ijumaa, akarudi mara moja kuwasha jiko. Aliporudi dirishani, dirisha limefungwa.

Aliyelimaliza dirisha kwa kununua tiketi zote ni Athoumani, ambaye tunamwita Dirisha kwa sababu hiyo hiyo. Kwanza tulisikia amekamatwa. Kisha tukamwona anakuja, kofia imeinama upande, uso kama siku ya Idi.

Mimi: Dirisha, si tulisikia polisi amekushika mbele ya sinema?

Dirisha: Amenishika, ameniachia, na ameniombea Jumapili njema. Bweni, kahawa. Setifika, wewe si ndiye msomi wetu? Lile tangazo la ofisi ya mji linasemaje?

Mimi: Linasema ni marufuku kuuza tiketi kwa hesabu isiyokuwa ile iliyopigwa chapa juu yake.

(Lilisomwa na fundi viatu, lakini mimi ndiye niliyesimama mbele yake.)

Akachomoa tiketi moja mfukoni, ya rangi ya waridi, akaiinua kama anaionyesha jua.

Dirisha: Hapa pamepigwa chapa gani?

Mimi: Mia.

Dirisha: Na mimi nauza ngapi?

Mimi: Nasikia unauza mia.

Dirisha: Basi kosa langu nini? Karatasi imesema mia, haikusema mia ya faranga. Mimi nauza mia ya riali.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Riali moja ni faranga tano. Hakuna aliyeichonga, hakuna aliyewahi kuishika mkononi, lakini sokoni kwetu ndiyo hesabu. Faranga inakaa kwenye karatasi, riali inakaa mdomoni. Wasakalava wanaiita ariari, nasi riali, na muuza samaki akikutajia bei kwa faranga, jua amekudhania mtu wa ofisi.

Waziri: Na polisi hakuuliza?

Huyo ni Djaanfar. Tangu bendera ibadilike anasubiri aitwe baraza la mawaziri; wakati akisubiri anashona magunia.

Dirisha: Aliuliza, tena vizuri. Mnunuzi wangu alikuwa bibi mmoja wa Belobaka. Polisi akamwuliza, amekuuzia ngapi? Bibi akasema, mia. Akaisoma tiketi: mia. Sasa polisi naye amezaliwa kisiwa hiki, mama yake alimfundisha kuhesabu ariari kabla ya kumfundisha kutembea. Mia na mia. Akanipigia saluti.

Mimi nilivua kofia. Nimewahi kuona wizi wa kila aina, lakini uhalifu uliooga, ukatawadha na kuvaa kanzu, huo nilikuwa sijauona. Tulimtazama Dirisha kama watu wanaotazama meli ikipita juu ya nchi kavu.

Bakoko Marsei: Mwanangu, hata Marsei hawajafika hapo.

Huyo ni mzee Mroivili. Bakoko ni babu. Marsei ni kwa sababu aliwahi kuchochea makaa katika meli iliyotia nanga Marsei, bandari ya Wafaransa, na tangu siku hiyo kila jambo duniani lilitokea kwanza huko.

Waziri: Halafu mimi naona ni biashara halali kabisa. Samaki wa Antsanitia anauzwa ufukweni, anauzwa tena njiani, anauzwa tena sokoni. Akifika chunguni ana wajukuu. Mbona yeye hapigiwi tangazo?

Bweni Kalathoumi: Ukikosa samaki leo, bahari ipo kesho. Bi Hayrat kesho yupo?

Dirisha: Bweni, mimi nilisimama juani tangu alfajiri. Lile jua nani atanilipa? Wahenga wamesema, subira huvuta heri. Nilisubiri, nikaivuta.

Bweni Kalathoumi: Uliivuta pamoja na ya wenzako. Ilikuwa kila mtu tiketi mbili. Wewe ulipanga makuli foleni nzima.

Dirisha: Makuli nao si watu? Walikuwa na hamu ya twarabu.

Bweni Kalathoumi: Wako wapi sasa?

Dirisha: Bandarini. Wanapakua mchele.

Bakoko Marsei: Marsei nilimwona mtu anauza nafasi yake kwenye foleni ya daktari wa meno. Anauza, anarudi mwisho, anauza tena. Hata jioni jino likapona lenyewe.

Waziri: Ndiyo. Na serikali ikikataza hili haitaishia hapa, mimi naijua serikali. Leo tiketi. Kesho mbuzi uliyemnunua mia utamchinja kwa mia, hata kama amenenepa. Keshokutwa mtu aliyewahi safu ya mbele msikitini hataruhusiwa kumpisha mkwewe.

Bakoko Marsei: Watatia uso wako kwenye tiketi. Marsei washaanza.

Waziri: Uso unanyolewa, Bakoko.

Bakoko Marsei: Basi jasho. Ukinunua, karatasi inapakwa jasho lako. Mlangoni amekaa mbwa. Akinusa jasho la mtu mwingine, anakurudisha nyumbani, tena kwa adabu, hakuumi.

Mimi: Hapo Dirisha atauza jasho.

Dirisha: Nitauza. Chovya chovya humaliza buyu la asali, ndiyo maana mimi sichovyi. Nanunua buyu.

Mimi: Wakitokea kumi kama huyu watanunua mvua. Utaona wingu limekuja juu ya shamba lako, limesimama, halishuki. Ukiuliza, unaambiwa kamwone Athoumani kwanza.

Tulicheka wote isipokuwa aliyekuwa anakoleza mkaa. Dirisha akaliona hilo. Si mtu mbaya, ila ana mikono inayofikiri kabla ya kichwa. Akaiweka ile tiketi ya waridi juu ya sinia, kando ya mokari.

Dirisha: Bweni, imebaki hii moja. Nilijiwekea mwenyewe. Lakini kahawa yako naijua, nakupa wewe. Mia.

Bweni Kalathoumi: Dirishani ilikuwa mia ya faranga. Nitalipa ya dirishani, ama nitabaki na birika langu.

Dirisha: Mkono mtupu haulambwi, Bweni.

Bweni Kalathoumi: Wangu si mtupu. Umeshika birika. Ulambe uone.

Waziri: Lakini Bweni, tuseme kweli. Mwanamke kuimba tu, ndiyo mji mzima upande juu ya paa? Mbona hata mke wangu anaimba.

Bweni Kalathoumi akaliweka birika chini. Alisema huku anatazama mkaa, wala hakupandisha sauti.

Bweni Kalathoumi: Tulikuwa wasichana, tunatoka kisimani. Asubuhi, mtaa mzima unatwanga, huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Hayrat akaanza kuimba, si kwa nguvu, ni vile mtu anavyojiimbia ndoo ikiwa kichwani. Mchi wa kwanza ukanyamaza. Wa pili ukanyamaza. Tukapita nyumba kwa nyumba na kimya kikatufuata. Wanawake wameinua michi juu, hakuna aliyeishusha mpaka tulipokata kona. Mchana ule tulikula wali wenye makapi, na hakuna mume aliyesema neno.

Waziri: Michi yote?

Bweni Kalathoumi: Yote.

Nilikuwa nimeinua kikombe na nikakuta bado nimekiinua. Bakoko Marsei aliangalia mikono yake. Huko nyuma fundi viatu aliacha kugonga, na sijui kama ni kwa sababu msumari uliisha.

Dirisha akaiangalia tiketi juu ya sinia.

Dirisha: Kumbe nimeuza rahisi.

Ndipo akafika Rahamatou, mpwa wa Bweni anayekaa Ambanoro, kule Nosy Be. Alikuwa ameshuka kwenye boti asubuhi ile, kapu mkononi, chumvi bado imekauka kwenye nyusi. Akasalimia, akamwamkia kila mzee, kisha akamgeukia mama yake mdogo.

Rahamatou: Mama mdogo, mbona hujavaa? Nimekuja kukaa na birika, wewe uende.

Bweni akakoleza mkaa. Tukamjibia sisi, tena kwa kugombania, maana ile hadithi ilikuwa tamu mno: tangazo, bibi wa Belobaka, polisi, mia na mia, saluti. Waziri aliipiga ile saluti. Rahamatou alisikiliza yote kwa adabu, akaiokota tiketi kwenye sinia, akaipuliza unga.

Rahamatou: Samahani, kaka. Na wewe dirishani ulilipa ngapi?

Dirisha: Mia.

Rahamatou: Mia ya nini?

Hakuuliza kwa ujanja. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia ya msikiti.

Dirisha akafungua mdomo. Akaufunga. Nikamwona anaanza kuhesabu, nami nikahesabu naye, na kila tulikotokea tukakuta mlango umefungwa. Akisema faranga, basi mia ya kwenye tiketi ni ya faranga, na polisi yuko vichochoro viwili tu kutoka hapa. Akisema riali, basi yeye na makuli wake walilipa fungu moja kati ya matano, na wenye sinema watataka manne yaliyobaki.

Waziri: Sema zote mbili.

Dirisha: Nyamaza, Waziri.

Waziri: Au sema ilikuwa mia ya... Bakoko, huko Marsei wanasemaje?

Bakoko Marsei alichungulia ndani ya kikombe chake.

Bakoko Marsei: Marsei hawajaulizwa hilo.

Rahamatou akafungua fundo la leso yake, akatoa noti moja iliyokunjwa kama hirizi, akaiweka pale ilipokuwa tiketi. Faranga mia.

Rahamatou: Hii mia, kaka. Ya nini, utajua wewe.

Dirisha akaichukua. Kama ni kwa kumwogopa polisi au kwa ile michi iliyoinuliwa, mimi sikumwuliza, na mkimwuliza ninyi atawadanganya. Bweni Kalathoumi akainama chini ya sinia akatoa kishali chake cheupe, kimekunjwa, kinanuka udi. Kumbe alikuwa nacho pale tangu asubuhi, anapika kahawa juu yake. Akajitanda, akashika njia ya sinema, haendi mbio, lakini tulipogeuka kumtania hakuwepo.

Waziri: Dirisha, na wewe utaingilia tiketi gani?

Dirisha: Ile ilikuwa yangu.

Waziri: Basi dirisha limejifungia nje.

Kutoka kijiweni sinema haisikiki, tulijaribu. Bakoko alidai anasikia fidla. Ilikuwa bawaba ya fundi viatu. Rahamatou alitumiminia kahawa nyepesi kuliko ya mama yake mdogo nasi tukainywa bila kulalamika, na Dirisha akanywa kikombe baada ya kikombe, anaikunja na kuikunjua ile noti, mpaka birika likaisha.

Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Alikuja polepole, kishali kimeshuka mabegani, akaketi kwenye ubao wetu, yeye ambaye hajawahi kuketi upande ule wa jiko. Tukampisha. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza, na mwisho aliyeuliza ni Dirisha mwenyewe.

Dirisha: Bweni. Ilikuwaje?

Akaanza kukikunja kishali, kona kwa kona. Tukadhani hakusikia.

Bweni Kalathoumi: Mia.

Bakoko Marsei: Mia ya nini, Bweni?

Alifungua mdomo kama alivyoufungua Dirisha, akaufunga vile vile. Kisha akavuta birika, akaliinamisha juu ya kikombe. Lilikuwa tupu, sote tulijua ni tupu. Yeye akaliacha vile vile limeinama, kama ile michi iliyoinuliwa, anasubiri, nasi hakuna aliyemwambia.